Maswali na Majibu: Seli Huonyesha Jibu, Upau Huonyesha Kilichoandikwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu sehemu moja tu ya programu za lahajedwali, yaani zile za kupanga namba katika jedwali na kuzifanyia hesabu, nayo ni ule mstari mrefu mweupe ulio juu ya jedwali, unaoitwa upau wa fomula. Tumeziunganisha barua zilizofanana na kuzijibu pamoja. Majibu haya yanamfaa mtumiaji wa Excel, wa Google Sheets na wa Calc iliyomo katika LibreOffice, na pale ambapo programu hizo zinatofautiana tumeeleza. Humu ndani, safu ni ile ishukayo wima yenye herufi juu yake, na mstari ni ule wa mlalo wenye namba pembeni. Seli ni kisanduku kimoja pale safu na mstari vinapokutana, na anwani yake ni herufi ya safu ikifuatwa na namba ya mstari, kama B2. Safu ya gazeti unayoisoma sasa ni habari nyingine.

SWALI: Ndugu mshauri, nimeanza kujifunza lahajedwali majuma mawili yaliyopita. Nikiandika fomula ndani ya seli na kubonyeza Enter, seli huonyesha namba, lakini nikiirudia seli ileile, kule juu huonekana maandishi niliyoyaandika. Naomba kufahamishwa ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomo hasa ndani ya seli, na kwa nini pawe na mahali pawili pa kuandikia kitu kimoja.

JIBU: Kilichomo ndani ya seli ni kile unachokiona kwenye upau. Tuseme B2 ina 250 na C2 ina 12, nawe umeandika =B2*C2 katika D2. Seli itaonyesha 3000, lakini wewe hukuandika 3000. Uliandika agizo kwamba kilichomo B2 kizidishwe kwa kilichomo C2, na agizo hilo ndilo linalobaki. Ndiyo maana ukija kuibadilisha C2 iwe 15, D2 itageuka kuwa 3750 bila wewe kuigusa. Macho ya mtu anayeanza huvutwa na namba iliyo ndani ya seli kwa sababu ndiyo aliyoitafuta, nasi twamsihi ajizoeze mapema kuinua macho na kusoma upau kabla ya kuiamini namba hiyo.

Mpangilio huu ni wa zamani. VisiCalc, lahajedwali iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, tayari ilikuwa na mstari juu ya skrini ulioonyesha yaliyomo katika seli iliyochaguliwa, kwa kuwa safu zilikuwa nyembamba mno kuweza kubeba agizo na jibu lake kwa pamoja. Katika programu hizo za mwanzo fomula iliyoanza na anwani ya seli ilitanguliwa na alama ya kujumlisha, na hadi leo Excel hukubali ukiandika +B2*C2, kisha yenyewe huongeza alama ya = mbele. Kwa hiyo ukikuta fomula inayoanza na =+ katika faili la mtu mwingine, usidhani kuna siri; huenda mwandishi wake amezoea tu kuanza hivyo.

Ukiutazama upau kutoka kushoto, kwanza utaona kisanduku cha jina, ambacho huonyesha anwani ya seli uliyomo. Ukibofya humo, ukaandika kwa mfano H500 na kubonyeza Enter, utarukia seli hiyo mara moja, jambo lenye manufaa katika jedwali la Excel ambalo lina mistari 1,048,576 na safu 16,384. Baada ya kisanduku hicho, katika Excel na Calc, huja alama ya msalaba ya kufuta ulichoanza kuandika na alama ya tiki ya kukikubali. Google Sheets haina alama hizo mbili, bali ina ile ya fx peke yake. Sehemu iliyobaki ndiyo ya kuandikia. Kuandika humo au ndani ya seli ni sawasawa, isipokuwa fomula ndefu ikiandikwa ndani ya seli hufunika seli za jirani, ambazo aghalabu ndizo unazotaka kuzitazama wakati unaandika.

SWALI: Kila nikitaka kurekebisha fomula, nikimaliza nabofya seli nyingine ili niendelee na kazi, na mara fomula yangu inajaa anwani nisizoziandika. Nimewahi kuharibu jedwali zima kwa namna hii. Nikosee wapi tena ndipo nielewe?

JIBU: Hukukosa jambo kubwa, ila hukufunga mlango kabla ya kuondoka. Maadamu fomula bado iko wazi kwenye upau, programu huchukulia kwamba kubofya seli ni njia yako ya kuitaja seli hiyo ndani ya fomula, hasa kishale, yaani kile kijistari kinachoonyesha unapoandika, kinapokuwa baada ya alama ya hesabu au mabano yaliyofunguliwa. Uwezo huo ni mzuri sana unapojenga fomula, kwani hukuepusha na makosa ya kuchapa anwani kwa mkono, lakini humgeuka asiyejua kwamba bado yumo ndani ya uhariri.

Dawa yake ni kumaliza kwa kitufe badala ya kumaliza kwa kipanya. Enter huikubali fomula na kukushusha seli moja. Tab huikubali na kukusogeza upande wa kulia. Alama ya tiki huikubali na kukuacha palepale, nayo inafaa unapotaka kuona jibu na fomula kwa wakati mmoja. Ukiona mambo yameshaharibika, usijaribu kufuta herufi moja moja, bali bonyeza Esc, na seli itarudi kama ilivyokuwa kabla hujaifungua.

Wasomaji wengine wawili wamelalamika kwamba vitufe vya mishale navyo huwafanyia vivyo hivyo. Katika Excel, ukianza kuandika = moja kwa moja ndani ya seli, mishale huchagua seli za kutiwa kwenye fomula; ukiingia kwa kubofya kwenye upau au kwa kubonyeza F2, mishale hukitembeza kishale kati ya herufi. F2 hubadilisha kati ya hali hizo mbili, na neno dogo lililo kwenye kona ya chini kushoto ya dirisha hubadilika kukuambia uko katika hali ipi. Ni watu wachache wanaolitazama neno hilo, nasi tulitumia programu hii kwa muda mrefu kabla ya kuligundua.

SWALI: Fomula yangu haihesabu. Seli inaonyesha =B2*C2 vilevile nilivyoandika.

JIBU: Anza kwa kuuliza kama ni seli hiyo moja au ni jedwali zima. Kama ni jedwali zima, basi umebonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha alama ya `, ambacho kwenye kibodi nyingi kiko chini ya Esc, na programu imekuonyesha fomula zote badala ya majibu. Bonyeza tena na majibu yatarudi.

Kama ni seli moja, soma upau kwa makini kuanzia herufi ya kwanza kabisa. Huenda kuna nafasi tupu kabla ya alama ya =, au kuna ritifaa, yaani ile alama ya ', ambayo ndani ya seli haionekani lakini kwenye upau huonekana, na kazi yake ni kuiambia programu ichukulie kila kinachofuata kuwa maandishi matupu. Ondoa kilichozidi, kisha bonyeza Enter. Kama herufi ya kwanza ni = na bado hakuna hesabu, basi seli ilipangwa kuwa ya maandishi kabla hujaandika. Badilisha mpangilio wa seli uwe wa kawaida. Hata hivyo badiliko hilo peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ni lazima ubofye kwenye upau na kubonyeza Enter tena, ili programu iyasome upya maandishi yaleyale kama fomula.

Kasoro hiyohiyo ikiingia kwenye namba huwa mbaya zaidi, kwa sababu haijitangazi. Namba iliyohifadhiwa kama maandishi hufanana na namba nyingine zote, isipokuwa kwa kawaida huegemea upande wa kushoto wa seli. Ukiandika =A1+A2, programu huigeuza kuwa namba na kukupa jibu sahihi, lakini ukiandika =SUM(A1:A2), fankisheni ya SUM, yaani agizo la kujumlisha lililo tayari ndani ya programu, huyaruka maandishi yaliyomo katika eneo lake, na jumla hupungua bila onyo katika jibu. Jumla mbili za namba zilezile zikitofautiana namna hiyo, kagua seli moja baada ya nyingine.

SWALI: Jedwali langu linasema 3 jumlisha 3 ni 5. Je, programu imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Bofya mojawapo ya seli zinazoonyesha 3 na usome upau. Yawezekana kabisa ukakuta 2.6. Seli imepangwa ionyeshe namba bila desimali, kwa hiyo 2.6 huonekana kama 3, na 2.6 ya pili vilevile, lakini jumla hufanywa kwa namba zilizomo wala si kwa zinazoonekana, nayo ni 5.2 inayoonekana kama 5. Mpangilio hubadilisha sura ya namba tu. Kama unataka namba yenyewe ikadiriwe kabla ya kujumlishwa, tumia fankisheni ya ROUND, kwa mfano =ROUND(2.6,0), ambayo hutoa 3 iliyo 3 kwelikweli.

Hapa upau una mpaka wake. Huonyesha namba kamili pale tu namba ilipochapwa kwa mkono. Kama seli ina fomula, utaona fomula, na desimali zilizofichwa hutaziona. Katika Excel unaweza kuichagua sehemu ya fomula kwenye upau na kubonyeza F9, na sehemu hiyo itageuka kuwa thamani yake. Ukishaitazama, toka kwa Esc. Ukitoka kwa Enter, thamani hiyo itakaa mahali pa fomula, na fomula yako ndiyo hiyo imekwenda.

SWALI: Ninafuata kitabu cha mafunzo neno kwa neno, lakini fomula yake yenye IF inakataliwa kwenye kompyuta yangu. Mwenzangu anaiandika hiyohiyo na inakubali.

JIBU: Tazama alama inayotenganisha sehemu za fomula. Kompyuta iliyopangwa kwa eneo ambalo desimali huandikwa kwa nukta hutenganisha kwa koma: =IF(B2>100,"Juu","Chini"). Iliyopangwa kwa eneo ambalo desimali huandikwa kwa koma haiwezi kuitumia koma kwa kazi mbili, hivyo hutaka nuktamkato: =IF(B2>100;"Juu";"Chini"). Huna haja ya kubahatisha, kwani ukiandika jina la fankisheni na mabano ya kufungua, kidokezo hujitokeza karibu na unapoandika kikionyesha mpangilio wa fankisheni hiyo pamoja na alama inayotakiwa na kompyuta yako.

Kama ulinakili fomula kutoka kwenye hati badala ya kuichapa, kagua pia alama za kunukuu. Programu za kuandikia hati huzipinda alama hizo ili zipendeze, na lahajedwali haizitambui zilizopinda. Zifute kwenye upau na uzichape upya. Tena, majina ya fankisheni hufuata lugha ya programu: SUM ya Kiingereza ni SUMME katika Excel ya Kijerumani na SOMME katika ile ya Kifaransa, ingawa faili lenyewe likifunguliwa katika lugha nyingine majina hubadilika yenyewe.

SWALI: Nina orodha ya bidhaa: bei iko safu ya B, idadi safu ya C, na kiwango cha punguzo, yaani 5%, nimekiandika mara moja tu katika F1. Mstari wa kwanza wa hesabu uko sawa, lakini nikinakili fomula kwenda chini, punguzo halifanyiki. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Nimerudia mara nne.

JIBU: Barua hii ndiyo iliyotupendeza kuliko zote, kwa sababu mwandishi wake aligundua kwamba jibu si sahihi ingawa programu haikulalamika. Tuifuate hesabu yake. Katika D2 aliandika =B2*C2*(1-F1). Bei ikiwa 250 na idadi 12, jibu ni 2850, nalo ni sahihi. Kisha akainakili fomula hiyo D3, ambako bei ni 400 na idadi 5. Alitarajia 1900, akapata 2000.

Abofye D3 na kusoma upau. Atakuta =B3*C3*(1-F2). Fomula inaponakiliwa mstari mmoja kwenda chini, kila anwani iliyomo nayo hushuka mstari mmoja. Kwa B2 na C2 hilo ndilo tulilolitaka, lakini F1 nayo imeshuka ikawa F2, ambayo haina kitu. Na seli isiyo na kitu, katika hesabu ya namna hii, huhesabiwa kuwa sifuri. Basi moja kutoa sifuri ni moja, na punguzo limeyeyuka bila kosa lolote la kutangazwa. Kama F2 ingekuwa na neno badala ya kuwa tupu, kwa kawaida angepata #VALUE! na kushtuka mapema.

Kinachotakiwa ni kuifunga F1 ili isishuke, na alama ya kufungia ni ile ya dola, ambayo hapa haihusiani na fedha. Rudi D2, bofya kwenye upau, weka kishale juu ya F1 na ubonyeze F4. Anwani itakuwa $F$1, yaani safu imefungwa na mstari umefungwa. Ukibonyeza tena itakuwa F$1, ambapo mstari pekee ndio uliofungwa. Tena, $F1, ambapo safu pekee ndiyo iliyofungwa. Na mara ya nne inarudi F1. Katika kompyuta nyingi za mkononi huna budi kushikilia kitufe cha Fn pamoja na F4, na katika Excel ya Mac unaweza kutumia Command na T. Fomula sasa ni =B2*C2*(1-$F$1); bonyeza Enter, inakili upya kwenda chini, na D3 itaonyesha 1900.

Kwa kuwa msomaji huyu ananakili kwenda chini tu, F$1 pia ingemtosha, maana herufi ya safu haibadiliki unaposhuka. Hata hivyo twamshauri anayeanza afunge pande zote mbili kila kiwango kinapokaa katika seli moja, mpaka atakapokuwa na jedwali linalohitaji vinginevyo. Wala tusingemshauri aandike 5% ndani ya fomula yenyewe ili aepuke dola. Fomula itakubali, lakini siku kiwango kitakapobadilika atalazimika kuifungua kila fomula, na ile atakayoisahau haitajulikana.

SWALI: Upau wangu umetoweka.

JIBU: Fungua menyu ya View na uweke tiki kwenye Formula Bar. Katika Google Sheets chaguo hilo limo ndani ya Show, chini ya View hiyohiyo. Kama upau upo lakini hauonyeshi kitu ingawa seli ina namba, mwenye faili amelilinda jedwali na kuzificha fomula, na ni yeye wa kuombwa azifungue.

SWALI: Nimekabidhiwa faili na mtu aliyehama idara. Lina mistari ipatayo 300 na safu ya jumla mwishoni. Nitajuaje kama ni salama kulitumia?

JIBU: Simama kwenye seli ya kwanza ya safu hiyo ya jumla, kisha ushuke kwa kitufe cha mshale huku macho yakiwa kwenye upau, si kwenye seli. Fomula zote zinapaswa kufanana, isipokuwa namba za mistari zinazopanda moja moja. Mistari 300 huchukua dakika chache. Ukitaka kuziona kwa pamoja, tumia ile Ctrl na ` tuliyoitaja juu, na ile isiyofanana na wenzake itajitokeza.

Unachokitafuta hasa ni seli ambayo upau wake unaonyesha namba tupu, kama 1740, mahali ambapo jirani zake wa juu na wa chini wana fomula. Mtu alichapa jibu juu ya fomula, pengine kwa haraka, pengine kwa sababu alikuwa na bei maalumu ya siku ile. Kwa kuwa hujui ni lipi kati ya hayo, usiirudishe fomula mara moja. Ipe seli hiyo rangi, andika pembeni yake namba ambayo fomula ingeitoa, kisha mtafute yule aliyehama umuulize.